Ukungu Ukutani: Tafuta Maji Kwanza, Ndipo Ushike Brashi

Nyuma ya kabati la nguo chumbani kwangu kulikuwa na doa jeusi lililonisumbua karibu miaka miwili. Nililipaka klorini ya maji, ile ya kupaushia nguo, mara tatu. Likapauka, nikafurahi, na baada ya wiki chache likarudi palepale, tena pana kuliko mwanzo. Nikanunua rangi ya mafuta nikalifunika. Rangi ikafura kama malengelenge, ikabanduka, na chini yake ukungu ulikuwa umestawi. Kumbe muda wote huo bomba la bafuni, upande wa pili wa ukuta, lilikuwa likivuja kidogo kidogo. Fundi bomba alipolibadilisha, ukuta ulianza kukauka, na doa nililolisafisha baada ya hapo halijarudi hadi leo.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na maji. Mafundi rangi wengi wataanza na ndoo ya rangi, na dukani utaonyeshwa dawa ya kupuliza. Vyote vina nafasi yake, lakini vikitangulia kabla maji hayajashughulikiwa, utarudia kazi ileile kila baada ya miezi michache, na kila mara lipu itakuwa imeoza zaidi.

Ukungu, au fangasi kama mafundi wengi wanavyouita, ni kiumbe hai. Mbegu zake ni ndogo mno, zinaelea hewani ndani na nje ya nyumba, na hakuna namna ya kuzimaliza. Chakula chake nacho kimejaa nyumbani: vumbi lililoshika ukutani, karatasi za ukutani, mbao, gundi, hata baadhi ya vitu vilivyomo ndani ya rangi. Joto la nyumba linaufaa. Kinachobaki mikononi mwako ni maji peke yake. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, mara nyingi ukungu haupati muda wa kuota. Muda huo ukipita, unaanza kujijenga hata kama macho bado hayauoni.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ukungu

Si kila doa la ukutani ni ukungu. Lile jeupe lenye unga au chembe ngumu, hasa sehemu ya chini ya ukuta, mara nyingi ni chumvi ya saruji au ya udongo iliyobebwa na maji na kuachwa juu ya ukuta maji yalipokauka. Lidondoshee maji: chumvi huyeyuka, ukungu hauyeyuki. Doa jeusi nalo linaweza kuwa masizi ya jikoni au ya mshumaa. Chovya pamba kwenye klorini iliyochanganywa na maji, gusa sehemu ndogo, subiri dakika 1 au 2. Likipauka haraka, yaelekea ni ukungu. Likibaki vilevile, kuna uwezekano mkubwa ni masizi au uchafu wa kawaida.

Pua pia inasaidia. Harufu ya uvundo inayokupokea unapofungua mlango wa chumba kilichofungwa siku nzima, wakati kuta zote zinaonekana safi, inamaanisha ukungu umejificha: nyuma ya kabati, chini ya zulia, juu ya dari, ndani ya droo. Utafute kwa tochi, ukiimulika ukutani kwa ubavu ili mwanga uoneshe vinundu na sehemu zilizofura.

Watu wengi huogopa ukungu mweusi kuliko wa kijani au wa kijivu. Rangi peke yake haisemi ni aina gani wala ina madhara kiasi gani. Ukungu wowote uondolewe, kwa njia ileile.

Hatua ya 2: Jua maji yanatoka wapi

Hapa usiharakishe. Hatua hii ikikosewa, zote zinazofuata ni bure. Maji hufika ukutani kwa njia nne, na kila njia ina alama zake.

Ya kwanza ni hewa ya ndani yenyewe. Ukuta hutoa jasho kama glasi ya maji baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 10, uwezo wake unashuka hadi gramu 9 hivi, na mvuke uliozidi unageuka maji juu ya kitu cha kwanza chenye baridi utakachokigusa. Kwa hiyo ukungu wa aina hii huanza mahali penye baridi na pasipopitiwa na hewa: pembe za juu za chumba, ukuta unaopakana na nje, nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, kandokando ya madirisha. Na si lazima uone matone. Hewa iliyogusana na ukuta ikikaa kwa siku kadhaa kwenye unyevu wa asilimia 80 na zaidi, ukungu unaweza kuota bila tone moja kuonekana.

Ya pili ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Tofali, saruji na lipu vina vitundu vidogo vinavyonyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Kwa kawaida hayapandi zaidi ya mita 1 hivi kutoka sakafuni, na yanapoishia huacha mstari wa chumvi kando ya ukuta. Chumvi hiyo huuzuia ukungu kiasi, kwa hiyo hapa mara nyingi utaona rangi ikibanduka na lipu ikimomonyoka kuliko kuona weusi. Chanzo chake ni msingi usiokuwa na tabaka la kuzuia unyevu, au wenye tabaka lililotoboka, au udongo wa nje uliorundikwa hadi ukalivuka. Hili la mwisho unaweza kulirekebisha kwa jembe: udongo au sakafu ya nje iwe chini ya tabaka hilo kwa sentimita 15 hivi.

Ya tatu ni mvua inayopenya: ufa kwenye lipu ya nje, bati lililotoboka, gata lililoziba majani na kumwaga maji ukutani, nafasi kati ya fremu ya dirisha na ukuta. Alama yake haifichiki, maana doa hukua baada ya mvua na kufifia kiangazi.

Ya nne ni bomba linalovuja, la maji safi au la maji machafu. Doa lake halijali majira. Liko bichi mvua ikinyesha na liko bichi jua likiwaka. Kwa bomba la maji safi, kuna jaribio rahisi kama una mita ya maji. Funga mabomba yote, hakikisha tangi la choo limejaa na halijazi tena, andika namba za mita, usitumie maji kwa saa 2, kisha soma tena. Namba zikisogea, maji yanapotea mahali. Bomba la maji machafu halionekani kwa njia hii. Angalia doa linapanuka lini: likipanuka baada ya watu kuoga au kuvuta maji ya choo, umeshalipata.

Ukibaki na shaka kati ya hewa na ukuta, fanya jaribio la foili. Kausha sehemu ya ukuta karibu na doa kwa kitambaa, bandika kipande cha foili ya jikoni chenye upana wa sentimita 30 hivi, ukiziba kingo zote kwa selotepu, ukiache siku 1 hadi 2. Matone yakiwa upande unaotazama chumba, maji yanatoka kwenye hewa ya chumba. Yakiwa upande wa ndani, uliogusana na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Kilichonifungua macho ni kipande hicho cha foili: mbele kilikuwa kikavu, nyuma kimelowa chapachapa.

Ukishajua chanzo, kitengeneze kabla hujagusa doa. Kama wewe ni mpangaji na tatizo liko kwenye bati, bomba au msingi, hiyo si kazi ya kitambaa chako. Piga picha zenye tarehe, eleza kwa maandishi doa lilianza lini na linakua wakati gani, na umpelekee mwenye nyumba. Picha tatu za wiki tatu tofauti humwonesha kuwa tatizo linaendelea.

Hatua ya 3: Amua kama kazi hii ni yako

Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani linatumia kipimo cha futi 10 za mraba, yaani pungufu kidogo ya mita 1 ya mraba. Chini ya hapo, mtu mwenye afya njema anaweza kusafisha mwenyewe. Eneo likiwa kubwa zaidi, au nyumba ikiwa imeingiliwa na mafuriko au maji ya choo, au ukungu ukiwa umeingia kwenye mifereji ya kiyoyozi, tafuta mtu mwenye vifaa na ujuzi.

Kama una pumu, mzio, au maradhi yanayopunguza kinga ya mwili, usisafishe wewe hata doa dogo. Watoto, wazee na wajawazito watoke chumbani hadi kazi iishe. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, na lilieleza wazi kuwa wakazi wa nyumba zenye unyevu wana hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Mtoto anayekohoa kila usiku katika chumba chenye doa la ukungu ahamishwe chumba leo, hata kama kusafisha ni wiki ijayo.

Jambo jingine: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na dari za zamani zinaweza kuwa za asbesto. Ukiwa na shaka na mojawapo, usipige msasa, usikate, usivunje.

Hatua ya 4: Andaa chumba

Vaa barakoa ya N95 inayobana vizuri usoni. Ya kitambaa haizuii mbegu za ukungu. Vaa glavu ndefu za mpira, miwani iliyozibwa pembeni, na nguo utakazofua peke yake mara tu ukimaliza. Toa vitu chumbani, au visogeze katikati na kuvifunika kwa nailoni. Fungua dirisha la nje, funga mlango wa ndani na uzibe upenyo wa chini kwa taulo bichi. Zima feni na kiyoyozi. Feni ikielekezwa kwenye ukungu ambao haujasafishwa inasambaza mbegu nyumba nzima.

Hatua ya 5: Safisha

Kosa kubwa ni kusugua ukuta mkavu. Ukungu mkavu ukiguswa na brashi hupeperuka kama unga. Anza kwa kupuliza maji yenye sabuni kidogo juu ya doa na kulizunguka hadi lilowe, bila maji kutiririka.

Sasa chukua ndoo mbili, moja ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, nyingine ya maji safi ya kusuuzia. Sugua kwa brashi laini au sponji, ukianza nje ya doa na kuelekea katikati ili usiupanue. Suuza sponji kwenye ndoo ya maji safi kabla ya kuirudisha kwenye sabuni, na badilisha maji yakichafuka. Kisha pangusa ukuta kwa kitambaa kibichi, halafu kwa kikavu. Kwa ukuta uliopakwa rangi inayooshika, kazi hii peke yake mara nyingi inatosha. Sabuni inadharauliwa, lakini ndiyo inayoung'oa ukungu na kuutoa nyumbani, na lengo ni hilo, maana hata ukungu uliokufa huamsha mzio ukibaki ukutani.

Klorini ina nafasi yake kwenye vitu visivyonyonya maji: vigae, kioo, plastiki, rangi ya mafuta iliyo nzima. Kipimo cha juu ni kikombe kimoja, yaani mililita 240, kwa lita 4 za maji. Paka baada ya kuosha kwa sabuni, acha dakika 10 hivi, kisha suuza. Juu ya lipu tupu, mbao au jipsamu haisaidii sana. Nguvu yake huishia juu juu, ilhali maji iliyochanganywa nayo hupenya ndani na kuunywesha ukungu uliobaki chini. Doa linapauka, mizizi inabaki. Ndivyo nilivyodanganyika mara tatu.

Na hapa nakusihi: usichanganye klorini na kitu kingine chochote zaidi ya maji. Ikikutana na siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na dawa ya usafi yenye amonia hutoa gesi nyingine ya sumu. Zote huunguza mapafu, na katika bafu dogo lililofungwa zinaweza kuua. Usitumie dawa hizi hata kwa kufuatana ukutani kabla hujasuuza vizuri.

Siki nyeupe ya kawaida, isiyochanganywa na maji, inaua baadhi ya aina za ukungu. Puliza, acha saa 1, futa kwa maji. Usiiweke kwenye ukuta wa chokaa wala kwenye jiwe la marumaru, kwani asidi yake huvila.

Rangi iliyofura au kubanduka haisafishiki. Iloweshe, ikwangue kwa skrepa, kusanya mabaki ndani ya mfuko, kisha osha lipu iliyobaki. Lipu ikigongwa na kulia kama debe tupu, imeachana na ukuta, na inabidi ibomolewe na kupigwa upya. Jipsamu bodi au dari laini ambayo ukungu umeingia ndani yake haifai kuoshwa. Ikatwe hadi angalau sentimita 30 kupita mahali doa linapoishia, na itupwe. Zulia, godoro na mito iliyoshika ukungu kwa kina iende hukohuko. Najua inauma kutupa godoro, lakini ukungu ulioingia ndani ya sponji hautoki kwa jua wala kwa dawa.

Matambara, sponji na mabaki yote yafungwe kwenye mfuko wa nailoni humohumo chumbani, ndipo yatolewe nje.

Hatua ya 6: Kausha

Sasa ndipo feni iwashwe. Fungua madirisha mawili yanayotazamana ikiwezekana. Ukuta uliooshwa tu hukauka kwa siku chache, lakini ule ulionyonya maji ya bomba au ya mvua kwa miezi unaweza kuhitaji wiki nyingi. Rudia jaribio la foili kabla ya kwenda mbele. Lipu mpya ya saruji iachwe wiki 4 hivi kabla ya rangi.

Hatua ya 7: Paka rangi, kama ni lazima

Usipake rangi juu ya ukungu, hata ile inayouzwa kwa jina la rangi ya kuzuia fangasi. Itabanduka. Ukuta ukiwa safi na mkavu, piga praima ya kuzuia madoa, kisha rangi. Ile ya kuzuia fangasi inafaa bafuni na jikoni, lakini dawa yake hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita.

Kwa ukuta unaopata unyevu kutoka nyuma, epuka rangi ya mafuta na karatasi za plastiki. Zinafunga maji ndani, nayo yatatafuta pa kutokea. Chagua rangi inayopumua. Chokaa ya kizamani bado ni bora sana hapa: inaruhusu mvuke kupita, na ukali wake ikiwa mbichi haupendwi na ukungu.

Hatua ya 8: Usiupe unyevu wa kuota tena

Nunua kipimo cha unyevu wa hewa. Ni kidude kidogo, na kitakufundisha mengi kuhusu nyumba yako ndani ya wiki moja. Lenga asilimia 30 hadi 50, na usiruhusu hewa ikae juu ya 60.

Nguo za fungu moja la kufua zikianikwa ndani zinaweza kuachia hewani lita 2 hivi za maji. Zianike nje, au katika chumba kimoja chenye dirisha wazi na mlango uliofungwa. Funika sufuria unapochemsha. Baada ya kuoga, fungua dirisha la bafu au washa feni ya kutoa hewa nje kwa dakika 20 hivi, na mlango wa upande wa chumba ubaki umefungwa ili mvuke usihamie kitandani. Ukuta wa vigae ukikaushwa kwa kitambaa mara tu baada ya kuoga, unakuwa umeondoa maji ambayo yangekaa hapo hadi kesho.

Sogeza kabati, kitanda na kochi sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, hasa ukuta unaopakana na nje. Usijaze kabati hadi nguo zibanane, na usiweke ndani nguo yenye ubichi hata kidogo.

Kuhusu madirisha, ushauri wa "fungua kila wakati" una kasoro. Kukiwa na baridi na ukavu nje, dakika 10 za kufungua pande mbili hubadilisha hewa vizuri. Lakini hewa ya nje ikiwa na joto na imejaa mvuke, kama wakati wa mvua mfululizo, kufungua kunaingiza maji, na hapo mashine ya kupunguza unyevu au kiyoyozi kinasaidia zaidi. Kiyoyozi nacho kisipoozeshe chumba kupita kiasi: kuta zikiwa baridi sana na mlango ukifunguliwa kwa hewa ya moto, jasho linaanza upya.

Gata zisafishwe kabla ya kila msimu wa mvua, na nyufa za nje zizibwe wakati ukuta ni mkavu.

Mwisho, ukishamaliza, chora kwa penseli mstari mwembamba kuzunguka mahali doa lilipokuwa, uandike tarehe pembeni. Kagua kila mwezi kwa tochi, na usikose mara baada ya mvua kubwa ya kwanza. Nukta nyeusi ikitokea ndani ya mstari au nje yake, iache brashi kabatini, chukua foili na selotepu, na uanzie tena hatua ya 2.